Jina Ambalo Mwalimu Ochom Hakulitamka

Padre, wazee wa kigango, waombolezaji mliovuka mto kutoka upande wa Uganda na ninyi mliotembea kwa miguu kutoka Budalang'i, na wewe mama Atyang uliyeketi hapo mbele karibu na mwanao, naitwa Nathaniel Mukhwana, karani wa stesheni ya reli ya Malaba, ndugu wa mjane, na nimewekwa hapa kusoma kwa sababu mbili, ya kwanza ni kwamba sisi Wateso na Waluhya tuliokusanyika leo tunasikilizana kwa Kiswahili, na ya pili ni kwamba marehemu mwenyewe aliandika jina langu. Ninajua mimi ni Mprotestanti na wengine wenu mmenikunjia uso tangu nilipoinuka, lakini mtanivumilia kama yeye alivyonivumilia miaka ishirini na miwili. Jana wazee wawili wa kanisa walinijia kwa heshima, wakaniomba niiruke miaka saba ya mwisho, niseme tu kwamba alitumika kwa uaminifu hadi akalala, nami nikawajibu kwamba karani wa reli haruki stesheni. Padre ameisoma karatasi hii, alikaa nayo kitambo kirefu mkononi, kisha akanirudishia bila kufuta neno.

Marehemu Mwalimu Protus Ochom alizaliwa mwezi wa Aprili mwaka 1921, kijijini karibu na Chakol, akiwa mtoto wa pili wa mzee Emukule na mama Atyang, siku yenyewe haijulikani kwa maana wakati huo watu walihesabu mvua wala si kalenda, lakini mama anakumbuka kwamba wimbi shambani lilikuwa limefika magotini, na kwamba mtoto alitoka kimya, ikabidi mkunga ampige makofi mawili ndipo alie. Katika watoto watano wa mama huyu, Ochom ndiye peke yake aliyekuwa amebaki, na leo hayupo.

Alianza masomo mwaka 1931 katika shule ya misheni, akasoma hadi darasa la nne, akabatizwa tarehe 24 Desemba 1934 na kupewa jina la Protus, na kwa kuwa alikuwa na kichwa kinachoshika maneno, mapadre walimpeleka ng'ambo, upande wa Uganda, kusomea ukatekista kuanzia mwaka 1938 hadi mwisho wa mwaka 1940. Alirudi na cheti, viatu, na sauti, na wale mliomsikia enzi hizo mnajua ninachosema, sauti iliyofika mpaka kwa wanaopalilia ng'ambo ya kijito, hata watu wakasema kengele ya kanisa ilinunuliwa bure.

Mwezi wa Januari 1941 alikabidhiwa kigango hiki, akakitumikia miaka ishirini na saba na nusu, akifundisha watoto katekisimu chini ya paa hilo hilo mnaloliona, kwa njia ile ya kukariri, mwalimu anauliza na watoto wanajibu kwa pamoja, na swali ambalo kila mmoja wenu aliyepita mikononi mwake analikumbuka hata usingizini ni lile la, Mungu yuko wapi, na jibu lake, Yuko mbinguni, yuko duniani, yuko kila mahali. Alitembelea wagonjwa kwa baiskeli iliyokuwa na breki moja, alizika wafu pale Padre alipokosa njia, aliamua ugomvi wa mipaka ya mashamba, na hakuna nyumba aliyoikatalia uji. Zaidi ya yote alijivunia kwamba mwaka 1950, baada ya miaka tisa ya kumbembeleza, alimleta mama yake mzazi kwenye ubatizo.

Hapa naomba ndugu Wateso mnisaidie, kwa kuwa mimi ni mgeni katika lugha yenu, na Waluhya wenzangu wanisikilize. Wazee wa Kiteso walikuwa na majina mawili, Akuj aliye juu, ambaye mvua na mema yalitoka kwake, na Edeke, ambaye walimtaja kwa tahadhari, kwa kuwa yeye alifika pamoja na ndwele na maafa, na hata leo ugonjwa katika lugha hiyo huitwa karibu hivyo hivyo. Wamisionari walipokuja, katika majina hayo mawili walilichukua la Edeke, wakaliweka katika sala, na vijana kama Ochom waliozaliwa wakati huo hawakuona shida, kwao Edeke ni Mungu Baba, basi. Mama Atyang aliona shida, akaisema kwa miaka tisa, mwanawe akamjibu kwa cheti chake kutoka Uganda.

Alifunga ndoa takatifu siku ya Jumamosi, tarehe 7 Septemba 1946, na dada yangu Nanjala kutoka Budalang'i, aliyebatizwa Leonida wiki hiyo hiyo, ndoa ambayo baba yetu aliipinga kwa sauti kubwa, akisema hatampa mwanawe mtu wa kabila lingine na dini nyingine, mpaka Ochom alipokuja mwenyewe wakati wa mafuriko ya mto Nzoia, akabeba mizigo ya nyumba yetu kichwani siku mbili mfululizo majini, hakuomba chochote, na baba akanyamaza. Katika ndoa hiyo walijaliwa watoto wanne, Euphrasia aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1948, ambaye ni mwalimu na yuko nasi, Wilkister aliyezaliwa mwaka 1953, Emukule aliyepewa jina la babu yake, mwaka 1956, na Naliaka, aliyepewa jina la kwetu kwa kuwa alizaliwa wakati wa palizi, mwaka 1959.

Sasa nafika pale nilipoombwa niruke.

Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua ilinyesha kama mnavyokumbuka, mito ikavunja kingo, madaraja yakafunikwa, Padre akabaki upande wake na hospitali ikabaki upande wake, na ndani ya mvua hiyo surua ikaingia kijijini. Mwalimu alipita nyumba kwa nyumba akisali na watu, akiwaongoza katika Baba Yetu asubuhi na jioni, akiwaambia waombe bila kuchoka, naye hakuchoka. Wilkister alifariki Alhamisi tarehe 16 Novemba, Emukule akamfuata Jumapili tarehe 19, na Naliaka Ijumaa tarehe 24, na katika mwezi huo huo, kwa kuwa hapakuwa na mwingine, mwalimu alizika watoto kumi na saba kwa mikono yake, kumi na wanne wa wenzake na watatu wa kwake. Nilifika siku ya kumzika Naliaka, nimetembea kwa kufuata reli kwa sababu ndiyo iliyokuwa juu ya maji, nikamkuta shemeji yangu kaburini na kitabu cha sala kilicholowa, akiongoza watu, na walipofika kwenye maneno, Ufalme wako ufike, mama Atyang akapaza sauti.

Mama, uliniruhusu niyasome maneno yako, na ninayasoma. Alisema, "Ochom, wacha sasa. Mimi nilikuwa naomba Akuj akae na sisi, na Edeke apite mbali. Wewe ukanifundisha nimwite Edeke aje kwetu. Tumemwita asubuhi, tumemwita jioni, nyumba yote. Si ndiyo huyu amekuja?"

Hakuna aliyemkemea. Mwalimu alifunga kitabu, akachukua jembe, akafukia kaburi peke yake, na mimi niliyesimama hatua tatu kutoka kwake nakuambieni ukweli kwamba tangu siku hiyo jina hilo halikutoka tena kinywani mwake.

Mtauliza mbona hamkujua, na hata mimi mwanzoni sikujua. Misa wakati ule ilikuwa ya Kilatini, naye aliitikia Kilatini vizuri tu, kwa kuwa Kilatini hakikumzika mtoto wake, na sala za jioni alizianzisha kwa ishara ya mkono, watu wakaendelea, yeye akachezesha midomo, na katika katekisimu alikuwa na bahati ya ajabu, kazi yake ilikuwa kuuliza, jibu lilikuwa la watoto. Aliuliza, Yuko wapi, miaka yote hiyo, akasimama akisikiliza, na watoto wakapiga kelele, Yuko kila mahali, wakaenda nyumbani kula. Siku ya Uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, alipotakiwa aongoze sala ya shukrani mbele ya chifu, alimsukuma mzee mwingine mbele, nasi tukamsifu kwa unyenyekevu.

Jumamosi tarehe 8 Agosti 1964 alikuja stesheni kuchukua sanduku la mishumaa, tukanywa chai ofisini kwangu, nami kwa utani nikamwambia shemeji, wewe ni mtu wa Mungu, niombee nipandishwe cheo. Akaweka kikombe chini, akanijibu, "Usiniombe hiyo, shemeji. Mimi nikisali ni kama naongea na nyumba iko na kufuli. Nimegonga miaka tatu. Hata mbwa hakuna wa kubweka." Nilimuuliza kwa nini basi haachi kazi, arudi shambani, akaniambia wagonjwa hawajaisha, na makaburi hayajaisha, na kwamba kama mwenye nyumba amesafiri hiyo si sababu ya kuacha kufagia. Nilimuuliza kwa nini hamwambii Padre, akasema Padre ni kijana, ametoka mbali, atalia. Nilicheka, Padre unisamehe, lakini yeye hakucheka.

Nami nilifanya nini na siri hiyo? Niliikunja nikaiweka mfukoni, nikajiona mwerevu, nikaona kwamba angalau mmoja katika hao Wakatoliki amenipa mimi kilicho moyoni mwake, na sikumpa chochote badala yake, hata neno moja la kumsaidia, kwa sababu mimi mwenyewe husali kwa mazoea na sikutaka kuulizwa.

Kuna jambo jingine ambalo halikueleweka kwa wengi. Tangu mazishi ya Naliaka, mama Atyang, ambaye mngetarajia aache kanisa, hakukosa Jumapili hata moja, mwanawe akimbeba kwenye baiskeli ile ya breki moja, mteremko wote wa kwenda mtoni, na alipoulizwa na majirani kilichompeleka alisema anakwenda ili Edeke ajue kwamba anamwona. Basi walikwenda wote wawili, mmoja akilitamka jina kwa hasira, mwingine asilitamke kabisa, wakarudi pamoja, wakala pamoja, na neno lile la kaburini halikuzungumzwa tena kati yao.

Jumapili tarehe 27 Machi 1966 Misa ilisaliwa hapa kwa lugha ya watu kwa mara ya kwanza, na kwa kuwa Padre alikuwa bado anajifunza Kiteso, mwalimu alitakiwa aongoze sala kwa sauti, mstari kwa mstari, watu wakifuata. Alisimama, akafungua kitabu, akaanza, na alipolifikia jina akakwama. Wengi wenu mlikuwepo, mliona akishika shingo, mkasema amekaukwa, mwingine akampelekea maji. Toka siku hiyo alifunga kitambaa shingoni na kusema koo linamsumbua, na hospitali ilipomchunguza mwezi wa Mei ilimkuta na koo safi kabisa, ikamwambia hivyo waziwazi, lakini kitambaa hakikutoka, na sauti ile iliyofika ng'ambo ya kijito ikawa ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Mimi peke yangu nilijua lile koo lilikuwa na nini, na nilikuwa nikimtania, nikimwita mwalimu wa kunong'ona.

Mwezi wa Septemba 1967 alimwambia dada yangu kwamba chakula kinakwama, na mwezi wa Oktoba aliniambia mimi, tukiwa tumesimama kwenye jukwaa la stesheni, kwamba sasa anaumwa kweli. Nikamjibu, na haya nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe ili yasije yakapotea, nikamjibu kwa kicheko, "Wewe shemeji, habari ya koo unaniambia mimi? Danganya hao wengine, mimi nakujua." Akachukua sanduku lake la mishumaa, akaenda. Hakunitajia tena, na dada yangu aliponiuliza kama tumpeleke nilimwambia awe na subira, si ugonjwa, ni mambo yake, yatapita. Nilimpotezea miezi minne.

Alifikishwa hospitalini Jumatatu tarehe 5 Februari 1968, baada ya Euphrasia kuja likizo na kumwona jinsi alivyokonda, naye hakuuliza ushauri wa mjomba wala wa mtu yeyote, alimkalisha baba yake juu ya mzigo wa pamba katika lori la kwanza lililosimama barabarani. Daktari alisema ni kansa ya koo na kwamba ingefaa angeonwa mapema, marehemu akatumwa hospitali kubwa, akakaa huko wiki sita, akarudishwa nyumbani ili awe na watu wake. Kufikia mwezi wa Mei sauti ilikuwa imekwisha kabisa, si kwa kisingizio, na Euphrasia alimletea kibao cha shule na chaki, akawa anaandika alichotaka, maji, mto, funga mlango, mwiteni mama. Ni katika kibao hicho aliandika mwezi wa Julai, nikiwa nimeketi kando yake, jina langu, na chini yake, Siku hiyo usome wewe, usinisifu kwa uongo, niligonga, sikumsikia. Nilimwomba msamaha kwa ajili ya Oktoba, akafuta, akaandika, Ningekuwa wewe ningecheka pia. Msinitazame hivyo, waombolezaji, ndivyo alivyoandika, na nimekibeba kicheko hicho mpaka hapa.

Jumatano iliyopita, tarehe 14 Agosti, alasiri, tulikuwa chumbani watu wanne pamoja naye, Leonida, mama Atyang na mimi. Watoto wa katekisimu walikuwa wakisoma kanisani na mwalimu mwingine, na kwa kuwa upepo ulitoka huko tuliwasikia vizuri, wakijibu kwa pamoja, Yuko mbinguni, yuko duniani, yuko kila mahali. Akanyoosha mkono akitaka chaki. Ilimchukua muda kuandika, na alipomaliza alikigeuza kibao kutuelekea, kilikuwa kimeandikwa, Yuko wapi.

Mimi nilitazama chini. Leonida alitazama dirishani. Mama Atyang, ambaye hajui kusoma, alituuliza, "Anasema nini? Mbona mnanyamaza? Anataka maji?" Akauliza tena, na dada yangu ndiye hatimaye aliyemsomea, kwa Kiteso, na ili mama aelewe ni nani anayeulizwa ilimbidi alitaje jina. Nikaona uso wa mama ukibadilika, nikadhani atalia, nikadhani atasema kama alivyosema kaburini, kwa kuwa kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema tena ni yeye, au atajibu jibu la katekisimu ambalo mwanawe alimfundisha kwa miaka tisa. Alisogeza kigoda, akashika mguu wa mwanawe juu ya blanketi, akamwambia, "Sijui, mwanangu. Mimi niko hapa."

Alikilaza kibao kifuani, na hakuandika tena. Alifariki kesho yake, Alhamisi tarehe 15 Agosti 1968, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, saa tatu asubuhi, watu wakiwa kanisani, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba, na mama alikuwa bado ameushika mguu ule. Ameacha mjane mmoja, mtoto mmoja, na mama.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kutuambia ukweli hata tulipokuwa hatuutaki, dereva wa lori la pamba ambaye hakutuachia jina lake, majirani walioteka maji na kupika tangu Februari, wafanyakazi wenzangu wa stesheni waliochonga jeneza kwa mbao zao wenyewe, makatekista wa vigango vyote walioshika zamu zake bila kuuliza, na wewe Padre kwa kukubali kumzika kama alivyokuwa. Nawashukuru pia wazee wawili walioniomba niruke, kwa maana najua walimpenda.

Wengine mtatoka hapa mkisema mwalimu alipotea, na wengine mtasema mtu asiyeamini hafagii nyumba miaka saba, na mimi karani sina mamlaka ya kukata neno hilo. Niliyoyaona ni kwamba aliuliza bila kudanganya, na kwamba alipouliza mara ya mwisho mimi niliyesoma nilitazama chini, na asiyejua kusoma ndiye aliyemjibu. Kibao kiko ndani ya jeneza, juu ya kifua chake, Euphrasia amekataa kifutwe.

Shemeji, lala sasa, upumzike kwa amani, koo halitakuuma tena na hakuna atakayekulazimisha kutaja jina. Ikiwa mlango umefunguliwa huko ulikofika, tunakuomba utuulizie na sisi, na ikiwa bado umefungwa, usigonge peke yako, sisi tuko hapa.